Kinachoua Seli ya Saratani si Vitamini E ya Kwenye Kidonge

Katika maduka ya dawa ya Ngamiani, jijini Tanga, vidonge vya vitamini E havikosekani. Ni vile vidonge laini vyenye mafuta ndani, vya rangi ya manjano au ya kijani, ambavyo wanunuzi wengi hawavimezi: huvitoboa kwa pini, wakakamua tone zito, wakalichanganya na mafuta ya nazi na kujipaka usoni au kwenye nywele. Matumizi hayo hayamsumbui mtu. Shaka inaanza pale ndugu wa mgonjwa aliyerejea kutoka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, anapofika dukani na simu mkononi, akamwonyesha muuzaji ujumbe unaosema kuwa vitamini E imethibitika kuua seli za saratani, kisha akauliza: "Samahani dada, ndizo hizi? Mama nimpe ngapi kwa kutwa?"

Muuzaji akimjibu kwamba huo ni uzushi mtupu atakuwa amekosea, na akimuuzia kopo zima atakuwa amekosea zaidi. Ujumbe wa namna hiyo una chanzo cha kweli. Kwa zaidi ya miaka 40 wanasayansi wamekuwa wakichunguza viambata vilivyotengenezwa kutokana na vitamini E, ambavyo katika makala hii nitaviita vifanani, na wameonyesha mara nyingi katika maabara kwamba vinaifanya seli ya saratani ijiue yenyewe huku seli nyingi za kawaida zikisalimika. Lakini vifanani hivyo vinafanya kazi hiyo kwa sababu vimenyang'anywa sifa ileile inayoifanya vitamini E iitwe vitamini E. Asiyeielewa hatua hiyo moja atasoma matokeo ya maabara kinyumenyume, na mgonjwa ndiye atakayelipa gharama ya usomaji huo.

Tuanze na vitamini yenyewe. Iligunduliwa mwaka 1922 na Herbert Evans na Katharine Bishop katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoona kwamba panya waliolishwa mlo fulani wa kutengenezwa walishindwa kuzaa hadi walipoongezewa majani mabichi ya saladi. Leo tunajua kwamba jina hilo moja linabeba familia ya viambata vinane, yaani tokoferoli nne na tokotrienoli nne, na kwamba ini la binadamu lina protini maalumu inayoichagua alfa-tokoferoli na kuirudisha kwenye damu, huku aina nyingine zikiondolewa mwilini kwa kasi zaidi. Mtu mzima anashauriwa kupata takriban miligramu 15 kwa siku. Mafuta ya alizeti yanayo kwa wingi, karibu miligramu 40 katika gramu 100, na karanga pia zinayo; nazi, ambayo ndiyo roho ya mapishi yetu ya pwani, ina kiasi kidogo sana.

Molekuli ya alfa-tokoferoli ina kichwa na mkia. Mkia ni mnyororo mrefu wa kaboni na haidrojeni unaopenda mafuta, nao huzama ndani ya utando wa seli na kuishikiza molekuli pale. Kichwa ni pete mbili zilizoungana, na pembezoni mwake kuna oksijeni moja iliyoshikana na haidrojeni moja. Haidrojeni hiyo ndiyo siri ya vitamini nzima. Mafuta ya utando yanaposhambuliwa na radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenza, uharibifu huruka kutoka molekuli moja ya mafuta hadi nyingine. Vitamini E huitoa haidrojeni yake, huizima radikali ile, na mfululizo unakatika. Kazi yake ni kuzuia uharibifu wa oksidisho, na inazuia bila kubagua: inailinda seli ya ini, seli ya moyo, na seli ya saratani pia ikiikuta.

Sasa tazama kinachotokea mkemia anapokigusa kichwa hicho. Anachukua asidi ya suksini, kiambata kidogo ambacho hata mwili wenyewe hukitengeneza kila sekunde, na kuiunganisha pale palipokuwa na haidrojeni. Anapata alfa-tokoferoli suksineti. Kwa kitendo hicho kimoja molekuli imepoteza haidrojeni ya kutoa, kwa hiyo haiwezi tena kuzima radikali huru, na wakati huohuo imepata ncha mpya yenye chaji hasi. Mwaka 1982 Kedar Prasad na Judith Edwards-Prasad, nchini Marekani, walichapisha taarifa kwamba suksineti hiyo ilizuia ukuaji wa seli za melanoma, aina ya saratani ya ngozi, za panya na kuzibadilisha umbo, jambo ambalo alfa-tokoferoli ya kawaida haikulifanya. Kutoka hapo orodha ya seli zilizojaribiwa iliongezeka: seli za saratani ya damu, ya matiti, ya tezi dume, ya utumbo mpana, na hata za mesothelioma, ile saratani ya utando wa mapafu inayohusishwa na vumbi la asbesto.

Watafiti walipoikatakata molekuli hiyo ili kujua ni sehemu ipi yenye sumu, waligundua kwamba hakuna sehemu inayofanya kazi peke yake. Ukiondoa mkia, kinachobaki hakiui, kwa kuwa hakiwezi kuingia na kukaa kwenye utando. Ukiuacha mkia lakini ukaifunika ile ncha yenye chaji ya suksineti, uwezo wa kuua unapotea vilevile. Ukibadilisha vikundi vidogo vilivyoko kwenye pete za kichwa, nguvu inapungua. Ndiyo maana wataalamu huzungumzia sehemu tatu za kifanani: ile ya suksineti inayofanya kazi, ile ya pete inayoathiri ishara za ndani ya seli, na ule mkia unaokifikisha mahali pake.

Mahali penyewe ni mitokondria, ambamo seli huvunja mabaki ya chakula ili ipate nishati. Ndani ya utando wa mitokondria kuna mikusanyiko ya protini inayopokezana elektroni. Mmojawapo, uitwao Kompleksi II, huchukua elektroni kutoka kwenye suksineti ya mwili na kuzikabidhi kwa ubikwinoni, molekuli ndogo inayotembea ndani ya utando na kuzipeleka kwenye Kompleksi III. Aliyewahi kuvuka Mto Pangani kwenda Bweni ataielewa hatua hii bila shida. Elektroni ni abiria, ubikwinoni ni kivuko, na Kompleksi II ni gati la upande wa huku. Kifanani cha vitamini E, kwa umbo la kichwa chake na ile ncha ya suksineti, kinaingia na kukaa palepale ambapo kivuko hufunga. Gati limezibwa, lakini magari yaletayo abiria hayajui hilo; yanaendelea kushusha watu. Abiria wanarundikana ukingoni, na baadhi yao wanaanguka majini. Katika mitokondria, anayewapokea hao wanaoanguka ni oksijeni. Molekuli ya oksijeni ikipokea elektroni moja peke yake inakuwa superoksidi, ambayo ni radikali huru na mama wa radikali nyingine nyingi.

Hapo ndipo mkanganyiko unapofumuka. Vitamini E inazima radikali huru. Kifanani chake kinazizalisha, tena kwa makusudi, katika sehemu ya seli ambayo haiwezi kuzivumilia kwa muda mrefu.

Ushahidi wa jambo hili una uzuri wake. Mwaka 2008 kundi lililomhusisha Lan-Feng Dong na Jiri Neuzil, wa Chuo Kikuu cha Griffith nchini Australia, lilichapisha majaribio yaliyotumia seli za mapafu za hamsta ambazo Kompleksi II yake ilikuwa mbovu, kwa sababu jeni moja iitwayo SDHC, inayotengeneza sehemu ya lile gati, ilikuwa imeharibika. Seli hizo zilipopewa alfa-tokoferoli suksineti hazikufa kama ilivyotarajiwa. Watafiti waliporudisha jeni nzima ndani ya seli zilezile, zikaanza kufa. Wakaendelea mbele: wakazigeuza seli hizo kuwa za saratani na kuziotesha katika panya, na uvimbe wenye Kompleksi II nzima ukapungua kasi ya kukua kwa matibabu, ilhali ule wenye kompleksi mbovu haukujali. Binafsi naona huu ndio ushahidi mzito kuliko yote katika habari hii, kwa kuwa hauonyeshi tu kwamba mambo mawili hutokea pamoja. Unaondoa kitu kimoja, matokeo yanatoweka, unakirudisha, nayo yanarudi.

Kutoka kwenye superoksidi hadi kifo kuna hatua kadhaa, na kila moja inaanzisha inayofuata. Radikali zinaharibu mafuta maalumu ya utando wa ndani wa mitokondria ambayo huishikilia protini iitwayo saitokromu c. Protini nyingine mbili, Bax na Bak, ambazo kwa kawaida hutulia, zinaamka na kutoboa matundu kwenye utando wa nje. Saitokromu c inachuruzika kwenda kwenye majimaji ya seli, inakutana na protini iitwayo Apaf-1, na kwa pamoja zinaiwasha kaspesi 9, kimeng'enya kinachokata protini nyingine. Kaspesi 9 inaiwasha kaspesi 3, na kuanzia hapo seli haina njia ya kurudi: protini zinazoshikilia umbo lake zinakatwa, DNA ndani ya kiini inapasuliwa vipande, utando unajikunja na kufanya mafundo madogomadogo, kisha seli za kinga zinayameza mabaki yote. Kifo cha namna hii, ambacho John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walikieleza kwa kina mwaka 1972 na kukiita apoptosi, kinatofautiana sana na kile cha seli iliyoungua au kupondeka, ambayo hupasuka, ikamwaga vilivyomo na kusababisha uvimbe na maumivu katika tishu za jirani.

Seli za saratani zina kawaida ya kujikinga na apoptosi kwa kujaza protini za Bcl-2 na Bcl-xL, ambazo huzishika Bax na Bak zisiamke. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba alfa-tokoferoli suksineti huweza pia kujishikiza kwenye protini hizo na kuzizuia kufanya kazi. Zipo njia nyingine zilizotajwa, kama vile kuongezeka kwa vipokezi vya kifo juu ya seli na kudhoofika kwa vimeng'enya vinavyopeleka ishara za ukuaji, lakini kwa maoni yangu nyingi kati ya hizo ni za pembeni ukilinganisha na Kompleksi II. Jambo moja halipaswi kupitwa: katika majaribio ya seli, ilipoongezwa dawa inayozima radikali huru ndani ya mitokondria, seli za saratani ziliokoka. Maana yake ni kwamba kizuia oksidisho kikifika mahali pale, kinaweza kuiharibu kazi ya kifanani.

Swali linalofuata kwa haki ni kwa nini seli za kawaida, ambazo nazo zina mitokondria na Kompleksi II, hazifi zote. Majibu yaliyopo ni matatu na yanasaidiana. La kwanza ni kwamba seli nyingi za kawaida zina vimeng'enya vya esterasi kwa wingi, ambavyo hukata kifungo kilichoiunganisha suksineti na kichwa. Kifanani kinageuka kuwa vitamini E ya kawaida, na kilichoingia kama sumu kinaishia kuwa kinga. La pili ni kwamba seli za kawaida huwa na akiba kubwa zaidi ya vimeng'enya vya kuiondoa superoksidi, wakati seli za saratani tayari zinaishi karibu na kikomo cha uvumilivu. La tatu linahusu asidi. Uvimbe wa saratani huchoma sukari kwa fujo na kutema asidi, hivyo mazingira yake huwa na uchachu kuliko tishu za kawaida. Katika uchachu huo ncha ya suksineti hupoteza chaji yake hasi, na molekuli isiyo na chaji hupenya utando wa seli kwa urahisi zaidi. Hakuna hata moja kati ya sababu hizi iliyo kamili, na seli za mishipa ya damu zinazogawanyika kwa kasi nazo huathirika, ingawa hilo lina faida yake, kwa kuwa uvimbe unahitaji mishipa mipya ili ukue.

Turudi sasa kwenye kopo la dukani, kwa kuwa mambo haya yana matokeo ya moja kwa moja kwa mgonjwa. Vidonge vingi vinavyouzwa vina tokoferoli asetati. Hiyo nayo imefunikwa kichwani, lakini kwa asetati isiyo na ncha yenye chaji, na ikifika tumboni vimeng'enya vya kongosho na utumbo huikata, ikabaki tokoferoli ya kawaida. Hata mtu akibahatika kupata vidonge vya suksineti, ambavyo vipo sokoni katika baadhi ya nchi kama virutubisho, vikimezwa vitakatwa vilevile kabla ya kuingia kwenye damu. Ndiyo maana katika majaribio mengi ya panya kifanani kilidungwa ndani ya tumbo kwa sindano. Kilichomo kwenye kidonge, kwa vyovyote vile, kinaufikia mwili kama mlinzi wa seli, na hakina namna ya kujua ni seli ipi isiyostahili kulindwa.

Majaribio makubwa kwa binadamu hayajaleta faraja pia. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara 29,133 waligawanywa katika makundi. Waliopewa miligramu 50 za alfa-tokoferoli kwa siku hawakupata nafuu yoyote dhidi ya saratani ya mapafu, kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 1994, ingawa saratani ya tezi dume ilionekana kupungua. Upungufu huo ulizaa matumaini, na matumaini yakazaa jaribio la SELECT lililohusisha wanaume zaidi ya 35,000 nchini Marekani, Kanada na Puerto Rico, kila mmoja katika kundi la vitamini E akimeza uniti 400 kwa siku, kiasi kilekile kinachosomeka kwenye makopo mengi. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba kundi hilo lilipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliomeza vidonge visivyo na dawa. Na mwaka 2014 watafiti wa Gothenburg, Sweden, walionyesha kwamba panya wenye vivimbe vya awali vya mapafu waliopewa vitamini E walizidiwa haraka zaidi na kufa mapema.

Kwa hiyo yule ndugu mwenye simu anapaswa kuambiwa, kwa upole na bila kumdharau, kwamba mama asianzishiwe vidonge hivyo kwa nia ya kutibu saratani, na kwamba kama tayari anavimeza basi daktari wa kliniki yake, iwe Hospitali ya Bombo, Tanga, au Ocean Road, aelezwe waziwazi jina la kidonge na kiasi chake, kwa sababu mionzi na baadhi ya dawa za saratani hutegemea radikali hizohizo ambazo vitamini E huzizima. Chakula chenye vitamini E hakina ubaya huo. Mafuta ya alizeti jikoni na karanga kwenye mchicha viendelee.

Watafiti wa vifanani, kwa upande wao, wamejaribu kuvivuka vikwazo hivyo kwa njia mbili ninazoziona kuwa na akili nyingi. Katika Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, kundi la Kimberly Kline na Bob Sanders lilitengeneza kifanani kiitwacho alfa-TEA, ambacho kiungo chake cha kichwani ni cha aina ya etha; esterasi hazina uwezo wa kukikata kiungo hicho, kwa hiyo molekuli inabaki nzima hata ikipitia tumboni, na panya waliweza kulishwa badala ya kudungwa sindano. Faida hiyo ina upande wa pili: ile njia ambayo seli za kawaida ziliitumia kujiokoa, ya kukata suksineti, nayo imefungwa, hivyo usalama unapaswa kutegemea sababu nyingine.

Njia ya pili ni MitoVES, iliyotoka katika kundi la Neuzil. Hapa kifanani kimeongezewa kwenye mkia kikundi chenye fosforasi na chaji chanya. Upande wa ndani wa utando wa mitokondria una chaji hasi kali, kwa hiyo chochote chenye chaji chanya na kinachopenda mafuta huvutwa kwenda huko na kurundikana mara mamia kuliko nje. Badala ya kifanani kusambaa katika kila utando wa seli na kubahatisha kuifikia Kompleksi II, sasa kinapelekwa hadi kwenye mlango wake, na katika majaribio ya seli kiasi kidogo sana kilitosha kufanya kazi ambayo awali ilihitaji kiasi kikubwa mara kumi au zaidi. Mitokondria ya seli nyingi za saratani huwa na chaji hasi kubwa kuliko ya kawaida, jambo linaloongeza ubaguzi huo kwa manufaa ya mgonjwa.

Hata hivyo hakuna kifanani cha vitamini E kilichoidhinishwa kuwa dawa ya saratani. Molekuli hizi haziyeyuki kwenye maji, na kiyeyusho kinachotumiwa kuzidunga kinaweza kubadilisha kabisa madhara yake. Baadhi ya majaribio ya panya wenye kinga kamili ya mwili yalionyesha sumu kali ambayo haikuonekana katika panya wasio na kinga, waliotumika katika tafiti nyingi za mwanzo. Misuli ya moyo, ambayo mitokondria zake hazipumziki, nayo inahitaji kuangaliwa kwa makini kila kiasi cha dawa kinapopandishwa. Wazo la kuipeleka dawa kwenye mitokondria kwa kutumia fosforasi yenye chaji chanya limefika kwa binadamu kwa kupitia molekuli nyingine, MitoTam, iliyotokana na tamoksifeni inayotumika kutibu saratani ya matiti, na ambayo huishambulia Kompleksi I, mkusanyiko mwingine wa protini zinazopokezana elektroni. Hiyo ilijaribiwa Prague, katika Jamhuri ya Czech, kwa wagonjwa waliokuwa na uvimbe uliokwisha kusambaa, kwa lengo la awamu ya kwanza la kutafuta kiasi ambacho mwili unaweza kukistahimili. Kwa MitoVES, swali hilohilo la kiasi bado linajibiwa kwa panya.